Mkono ni wa bibi

Bibi wa miaka 71 aliingia kliniki mkono umeviringwa kanga. Aliteleza bafuni, akajikinga kwa kiganja. Nilipoifungua kanga, kifundo kilikuwa kimepinda kama uma uliolazwa kifudifudi. Kabla hata ya picha ya eksirei ilikuwa wazi kwamba mfupa wa kigasha, ule wa upande wa dole gumba, umevunjika. Mwanawe hakungoja: "Dokta, mwekee mama chuma. Pesa tutatafuta."

Mvunjiko huu unaitwa kwa jina la Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin aliyeueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla eksirei haijagunduliwa. Aliandika kwamba mkono wa namna hii usiponyooshwa hubaki umepinda maisha yote, ila maumivu huja yakaisha na kazi zake ukazifanya.

Siku hizi tunaunyoosha kwa ganzi na kuufunga plasta ngumu (POP) kwa wiki tano au sita. Au tunapasua upande wa kiganja na kufunga bamba la chuma kwa skrubu. Picha ya bamba hupendeza, na mgonjwa huanza kukunja kifundo mapema. Lakini kidonda huweza kuingia usaha, na skrubu iliyochomoza kidogo husaga kano za vidole mpaka mtu arudi kutolewa chuma. Mwaka 2011 madaktari wa Innsbruck, Austria, walichapisha matokeo ya wagonjwa 73 wa miaka 65 na kuendelea, waliogawiwa tiba hizo mbili kwa bahati nasibu. Mwaka ulipotimia, wenye bamba walishika vitu kwa nguvu zaidi na mifupa yao ilikuwa imenyooka vizuri. Kwa maumivu na kukunja kifundo hawakupishana na wenzao, na matatizo ya tiba yaliwaandama wao zaidi. (Kijana, au mfupa uliotoboa ngozi, ni hesabu nyingine kabisa.)

Kwa hiyo nilimgeukia bibi, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu aingie. Mkono huu unakufanyia kazi gani?

"Nakuna nazi, nakamua tui. Natawadha."

Na ukibaki umepinda kidogo?

Akacheka. "Mwanangu, nani atakuja kuniposa?"

Angekuwa fundi cherehani anayelisha watoto kwa mkono huo, ningemshawishi apasuliwe. Yeye alitaka kulala kwake usiku ule, nikamfunga POP. Mwanawe alinuna, POP kwake ilikuwa tiba ya wasio na uwezo, na dhana hiyo naikuta kila wiki.

Baada ya siku saba bibi alirudi kupigwa picha nyingine, maana mfupa hupenda kuhama siku za mwanzo. Haukuhama. Vidole tu ndivyo vilivyovimba, kwa kuwa aliogopa kuvikunja. Nikamwambia avute uradi kwa vidole vya mkono huohuo, kila baada ya swala. Akaanza palepale kitini, huku mwanawe akimshikia mkoba.