Ugemaji wa utomvu wa misonobari

Ugemaji wa utomvu wa misonobari ni kazi ya kuondoa gome la msonobari ulio hai ili kukinga utomvu unaotoka kwenye jeraha na kuupeleka viwandani. Mti huu, ambao wengi huuita mpaini, si wa asili ya Tanzania: Pinus patula ilitoka Meksiko, na Pinus caribaea Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi.

Jinsi unavyogemwa

Utomvu si maji yanayopanda kutoka mizizini. Ni kinga ya mti: hutengenezwa katika vifereji vidogo ndani ya shina, na mti ukijeruhiwa hutiririka na kuganda, ukiwazuia wadudu na kuvu. Mgemaji huondoa ukanda mwembamba wa gome sehemu ya chini ya shina, bila kuchimba mbao yenyewe, kisha hufunga kikombe au mfuko wa plastiki. Kwa kuwa kidonda huziba baada ya siku chache, chale mpya huongezwa kila mara. Mahali pengi hupakwa dawa yenye asidi ya sulfuriki inayochelewesha kuziba, na hapo chale moja hutosha kwa wiki mbili hivi. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho. Kugema bila glavu na miwani ni hatari.

Kiwandani utomvu hupashwa moto. Mvuke wake ukipozwa huwa tapentaini, inayotumika kuyeyusha rangi na kutengeneza manukato na dawa za usafi. Kinachobaki, takriban asilimia 70, ni rosini: kitu kigumu cha rangi ya kahawia kinachoingia katika gundi, wino, karatasi na sabuni. China na Brazili ndizo wazalishaji wakubwa duniani.

Tanzania

Nchini Tanzania kazi hii inajulikana zaidi katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Hapo kuna miti mingi ya umri mmoja, hivyo mnunuzi hupata tani nyingi mahali pamoja.

Kagera ni tofauti. Katika Bukoba na Muleba, ikiwemo Maruku, ardhi nzuri ni kibanja cha migomba na kahawa. Mipaini hupandwa kwenye rweya, yaani nyika za majani zenye udongo hafifu, mara nyingi katika viwanja vidogo. Mti mmoja ukitoa kilo 3 kwa mwaka, miti 100 hutoa kilo 300, ambazo hazijazi mapipa mawili ya lita 200. Mwenye miti michache hana budi kuungana na majirani, la sivyo usafiri utakula faida yote. Tena Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kikombe kisichofunikwa hujaa maji.

Swali gumu zaidi ni la mbao. Chale hukatwa kwenye sehemu ya chini ya shina, ambayo ndiyo hutoa mbao pana na za bei kubwa. Sehemu iliyogemwa hulowa utomvu, hushika moto upesi, na hupunguza thamani ya gogo. Kwa sababu hiyo ni busara kusubiri hadi mti uwe na kipenyo cha sentimita 20 au zaidi na kugema miaka michache tu kabla ya kuukata. Mti usizungushiwe chale pande zote: gome likikatika duara zima, mti hufa.