Jioni ya Kutembea Baa za Nakuru: Hesabu Iwe Mezani

Ijumaa moja mwisho wa mwezi tulikuwa wanne, mimi na marafiki watatu tuliomaliza chuo pamoja. Mpango ulikuwa rahisi: gari hakuna. Tungetembea kwa miguu kuanzia Nyayo Gardens, baa tatu, halafu kila mtu ashike matatu mapema. Kila mmoja alitoa 1,000. Wenzangu walinitumia kwa simu, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mweka hazina.

Tulianza saa kumi na moja jioni. Tangu sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, baa hufunguliwa saa hiyo siku za kazi na kufungwa saa tano usiku.

"Baridi ama moto?" weita akauliza. Nikasema Pilsner, baridi.

Hilo jina limesafiri, jamani. Kuna mji Ucheki unaitwa Plzeň. Mwaka 1838 watu wa huko walichoka na bia mbovu mpaka wakamwaga mapipa 36 hadharani. Wakajenga kiwanda kipya, wakamwita fundi kutoka Bavaria, Josef Groll, na Oktoba 1842 akapika bia ya rangi ya dhahabu, safi mpaka unaona upande wa pili wa glasi. Dunia nzima ikaiga, na jina likafika mpaka mezani petu. Shayiri nayo haiko mbali: wakulima wa Mau Narok na Molo huilima kwa ajili ya bia, hapa hapa Nakuru Kaunti.

Wacheki huenda baa kwa miguu ama kwa tramu, kwa sababu sheria yao hairuhusu dereva kuwa na hata tone la pombe mwilini. Lakini kilichonivutia zaidi ni karatasi. Ukiketi, weita anakuwekea kipande cha karatasi mezani. Kila glasi, anachora mstari mmoja. Ukimaliza, mnahesabu mistari pamoja, unalipa mara moja, unaenda. Hesabu inakaa mbele ya macho yako jioni yote.

Sisi pia tuna yetu. Baa nyingi za mtaani, chupa tupu hazitolewi mezani mpaka bili ilipwe. Wazee wa Kikalenjin nao walikaa kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu. Hapo hakuna wa kukudanganya, mnaona wote.

Baa mbili za kwanza tulifuata utaratibu huo. Tulihesabu chupa, nikalipa kwa till, jumla 1,900. Poa kabisa.

Ya tatu ndipo mambo yaliharibika. Muziki ulikuwa juu, na chupa zilikuwa zimeshaondolewa. Weita akaniinamia sikioni: "Madam, till ina shida leo. Tuma kwa hii namba." Bili, 1,200. Nikaandika namba, jina likatokea la mtu, si la baa. Nikaliona. Nikabonyeza tu, kwa sababu wenzangu walikuwa wamesimama na nilitaka kuonekana mtu mwenye haraka na pesa.

Mlangoni tukasimamishwa. Kaunta haikuwa imeona malipo, na yule weita hakuonekana tena. Kwenye hazina kulikuwa kumebaki chini ya 900. Tulichanga upya, na wawili wetu tukatembea mpaka nyumbani kwa sababu nauli iliisha. Niliomba pesa irudishwe kesho yake mchana. Nilikuwa nimechelewa; ilikuwa imeshatolewa. Iliyouma zaidi ni kwamba haikuwa yangu peke yangu. Niliwalipa wenzangu polepole, hata kama walisema niache.

Sasa nikitoka, nafanya hivi:

- Hesabu inabaki mezani. Chupa zisiondolewe kabla ya bili. Kama zinaondolewa, andika kwenye simu kila raundi inapofika.
- Namba naisoma, siisikii. Till huwa imebandikwa kaunta ama ukutani. Muziki ukiwa juu, inuka uende uisome mwenyewe.
- Jina kwanza, PIN baadaye. Ukiona jina la mtu badala ya la biashara, simama. Pia ukilipa kwa till, mteja hakatwi ada. Ukikatwa ada ya kutuma, jua umemtumia mtu.
- Simu haitoki mkononi. Hata weita awe rafiki yako, PIN unaibonyeza mwenyewe, skrini ukiifunika.
- Ukikosea, usingoje asubuhi. Kwa M-PESA, ukituma kwa namba ya mtu kimakosa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo. Kila dakika pesa iko karibu zaidi na kutolewa.
- Nauli itenge mapema. Iweke kwenye akiba, ama ubebe noti mfukoni, kabla ya chupa ya kwanza.

Mwisho wa mwezi huu tunatembea tena. Nimechaguliwa mweka hazina, eti kwa sababu nimeshasoma somo kwa bei kali. Nitabeba kalamu na karatasi. Kila chupa, mstari mmoja.