Utangulizi: Ikulu, Mashaka na Kambi ya Handeni

Anayeanza kusoma jinsi dola zinavyofanya maamuzi katika migogoro ya kimataifa hutarajia Washington, Moscow na makombora ya Cuba ya 1962. Huko tutafika. Ila msomaji wa Korogwe au Handeni ana mfano wa jirani, na kwa maoni yangu unafundisha zaidi.

Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 25, 1971. Wafuasi wa Obote wakaja kupiga kambi Handeni, wakijifua kijeshi. Mwalimu Nyerere akabaki na swali ambalo hakuna jasusi angelijibu kwa uhakika: hawa wakivuka mpaka, Waganda watawaunga mkono? Aliyedai kujua ni Obote mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Machiavelli alishaonya, karne tano zilizopita, juu ya kuamini maneno ya waliofukuzwa kwao. Rais Kennedy wa Marekani aliwategemea Wacuba wa uhamishoni kuivamia Cuba mwaka 1961, akaumbuka.

Kutoka Handeni watu walipakiwa kwenye malori hadi mpakani, na Septemba 17, 1972 zaidi ya elfu moja wakaingia Uganda. Wananchi hawakuinuka. Ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyotekwa ili ipeleke makomando Entebbe, ilipasuka matairi ilipotua Kilimanjaro, ikakwama hapo hapo.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe halikuvuka mpaka. Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo. Serikali yenye mashaka aghalabu haichagui vita wala amani. Huchagua jambo la katikati, linaloweza kukanwa kesho. Ubaya wake ni kwamba adui naye halielewi, au hujifanya halielewi. Amin alitangaza kuwa amevamiwa na jeshi la Tanzania, ndege zake zikaishambulia Bukoba na Mwanza. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba, chini ya usuluhishi wa Rais Siad Barre wa Somalia, yalizima moto bila kumaliza uhasama.

Mwanazuoni Robert Jervis (1976) atatueleza kwa nini viongozi huona wanachotarajia kukiona. Mwenzake James Fearon (1995), kwa nini kila upande una sababu ya kuficha nguvu zake halisi. Kisha tutageukia Kagera, ambako majeshi ya Amin yalivamia mwaka 1978. Je, Amin aliuchukulia uvumilivu wa Tanzania wa 1972 kama udhaifu, au alisukumwa na maasi ndani ya jeshi lake? Mimi naegemea jibu la pili, na sura ya tatu imeandikwa kwa namna itakayokuwezesha kunipinga.