Sura ya kununua na sura ya kupewa

Msomaji, ukimkuta kijana wako ameinamia simu akicheza mchezo wa mtandaoni, usidhani muda wote anapiga risasi. Mara nyingi nimewakuta wakivaa tu. Wanachagua nywele, kofia, koti, hata dansi ya kucheza baada ya ushindi. Michezo hii huunganisha watu walio mbalimbali, na kitu cha kwanza wanachoonana nacho ni sura ya mhusika aliyeko kwenye kioo.

Swali langu leo ni hili: kijana akishamvika mhusika wake, amekuwa yeye, au amekuwa mteja?

Chukua mchezo wa Fortnite, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Epic Games ya Marekani. Pale watu 100 hupambana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja, na kuingia ni bure. Fedha hutoka kwenye mavazi, ambayo wachezaji huyaita skini. Skini haimwongezei mtu nguvu wala shabaha. Hata hivyo mtoto anayeingia na sura ya bure huitwa "difolti", yaani asiye na kitu, na neno hilo limekuwa tusi. Mwaka 2022 Epic ilikubali kulipa dola milioni 245, baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kudai kuwa mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya wachezaji, watoto wakiwemo, wanunue bila kukusudia.

Wenzangu wa mitumba watanielewa. Shati unalochambua kwenye robota huenda likawa la peke yake soko zima. Skini ni kinyume chake: kila aliyelipa anapewa ileile. Kijana ananunua ili ajitofautishe, kisha anakutana na wenzake kumi waliovaa kama yeye.

Lakini mgala muue na haki yake umpe. Kuchagua sura si upuuzi. World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard, ulianza mwaka 2004. Ilipita miaka 16, hadi 2020, ndipo orodha ya wahusika wake wa kibinadamu ilipopanuliwa vya kutosha kwa rangi za ngozi, nyuso na nywele, ili mtu mweusi aweze kujitengenezea mhusika anayefanana naye kweli. Miaka yote hiyo wapo waliolipa ada kama wengine huku sura yao haimo dukani.

Ajabu kuliko yote ni mchezo wa Rust, wa studio ya Facepunch ya Uingereza. Hapo awali wahusika wote walikuwa wanaume weupe wenye upara. Mwaka 2015 studio ikaanza kumpa kila mchezaji rangi na uso kufuatana na namba ya akaunti yake, na mwaka 2016 ikaongeza jinsia. Hukuulizwa, na huwezi kubadili. Wengine walilalamika sana. Garry Newman, mwanzilishi wa studio hiyo, alieleza kuwa walitaka watu watambuane kwa sura. Aliyekuibia jana, leo unamjua.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini hatuhitaji kompyuta kuielewa hali hiyo. Lafudhi hatukuichagua. Mtu aliyekulia Kigoma akifungua mdomo sokoni Bujumbura, kabla hajataja bei ameshawekwa kwenye fungu lake. Nimewaona waliojaribu kuificha, wakaishia kusema kidogo na kuuza kidogo. Nimewaona pia walioiacha ilivyo. Wateja wao wanarudi kwa sababu kipimo kimejaa na deni la Jumatatu linalipwa Jumatatu.

Ndiyo maana siwashauri wazazi wanyang'anye simu. Kwanza, kama simu hiyo imeunganishwa na akaunti ya fedha, namba ya siri ikae kwako, si kwa mtoto. Pili, muulize wenzake wa mchezoni wanamjua kwa lipi. Akikutajia koti, muulize tena. Huenda akakwambia kuwa ndiye anayerudi kumwinua mwenzake aliyeanguka, wakati wengine wanakimbia. Hilo halimo katika duka lao, na difolti asiye na senti anaweza kuwa nalo.