Kumbe Ile Harufu ya Jaa la Mayungu Ni Stima Inapotea!

Umewahi kupita Mayungu na boda, ukitoka Malindi kuelekea Watamu, upepo ukageuka ghafla? Unaziba pua na kumwambia jamaa akanyage mafuta. Sasa cheki hii: huko kwa jaa kuna stima inapotea hivi hivi tu.

Ni hivi. Vichwa vya samaki, machicha ya nazi na ugali uliolala vikifukiwa mahali hewa haifiki, vidudu visivyoonekana kwa macho huvitafuna pole pole na kutoa gesi. Karibu nusu yake ni methani, na hiyo inawaka fiti. Methani yenyewe hainuki. Kinachokuchoma pua ni wenzake, kama ile ya mayai viza. Basi unashusha mabomba yenye matundu ndani ya taka, feni inavuta gesi, maji yanatolewa, ile ya mayai viza inachujwa maana inakula chuma, halafu injini inazungusha jenereta.

Usidhani hizi ni stori za majuu. Hapa hapa Kilifi, shamba la Kilifi Plantations lilijenga mtambo mwaka 2007 wa kutumia mabaki ya mkonge, kilowati 150. Hiyo ni kama birika 75 za stima zikichemka kwa mpigo. Ila wao taka yao iko ndani ya tangi lililofungwa.

Jaa la wazi ni shida nyingine. Likishika moto, chakula cha vile vidudu kinaungua pamoja na plastiki, na moshi unaingia kwa kifua cha wasee wanaookota chupa hapo wakisaka unga. Kwa hivyo kabla ya injini yoyote, jaa lazima lifunikwe udongo. Dar es Salaam walifunga jaa la Mtoni mwaka 2007, wakaweka mabomba, gesi ikawa inachomwa kwa mwenge. Kwa hewa ni afadhali, lakini mwenge hauchaji simu.

Ukiniuliza, Malindi isingoje mlima wa taka ukue. Mabaki ya hoteli na soko yatengwe mapema, yaende kwa tangi kama la mkonge. Na wale wasee wa chupa wanajua taka ipi ni ipi kuliko mtu yeyote wa ofisi, so kazi ya kuchambua wapewe wao kwanza, na glavu juu.