Nguzo ya Serikali ni Fikira za Watu

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa serikali husimama kwa bunduki na magereza. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1711, alilikataa neno hilo. Katika insha aliyoitoa mwaka 1741 aliuliza: yawezekanaje wachache kuwatawala wengi kwa wepesi namna hii? Nguvu siku zote i kwa watawaliwa, maana ndio wengi. Basi mtawala hana nguzo ila fikira za watu. Hata Sultani wa Misri, alisema, aliweza kuwaswaga raia wake kama wanyama, lakini askari wake hakuwa na budi kuwaongoza kama watu.

Zama zile wako waliosema kwamba kila akaaye katika nchi ameahidi kuitii serikali yake. Mwaka 1748 Hume aliwajibu. Maskini asiyejua lugha ya kigeni wala asiye na nauli, atahamia wapi? Ni kama mtu aliyepakiwa chomboni akiwa usingizini, kisha aambiwe kuwa amemkubali nahodha kwa hiari yake, na huku akitoka atazama baharini. Hume hakuhubiri fujo. Alisema kuwa utii wafaa kwa kuwa pasipo serikali watu hawawezi kukaa pamoja kwa amani. Lakini alitufunza kwamba kimya cha raia si ridhaa.

Hata hivyo, hatuwezi kumsifu tukaificha aibu yake. Mwaka 1753, katika insha nyingine, aliongeza maneno ya kumtweza mtu mweusi, akisema kwamba amshuku kuwa duni kwa maumbile. Yeye aliyedai ushahidi kwa kila jambo, hapa aliridhika na uvumi. Mwaka 1770 James Beattie, mwalimu wa falsafa huko Aberdeen, alimpinga hadharani. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la Hume katika jengo lake moja refu.

Je, tuvitupe vitabu vyake? Sisi hatusemi hivyo. Mganga hajigangi, lakini dawa yake yaweza kumponya mwingine. Ikiwa fikira ndizo zisimamishazo serikali, basi ndizo pia zilizousimamisha utumwa kwa karne nyingi. Kwa hiyo kila fikira tuliyorithi, hata iwe ya mwenye hekima, yatupasa kuiuliza: ushahidi wako u wapi?