Kabla Hujakabidhi Kodi ya Miezi Sita

Oktoba ni mwezi wa madalali. Vyuo vinafunguliwa, wanafunzi wanashuka stendi na mabegi na magodoro yao, na Mbeya yote, kuanzia Iyunga jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hadi Mafiati na Soweto, vyumba vinagombaniwa. Iringa nako Kihesa, Mtwivila na mitaa inayozunguka Chuo cha Mkwawa hujaa haraka. Mgeni anaonyeshwa chumba saa nne asubuhi. Jua linawaka, ukuta umepakwa rangi juzi, uwanja umefagiliwa. Dalali anamwambia kuna mwenzake anakuja saa sita na hela mkononi. Saa sita haijafika, mgeni ameshatoa kodi ya miezi sita.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma mikataba ya pango ya mikoa hii miwili na kusuluhisha magomvi yake, na karibu kila mpangaji anayefika mezani kwangu alilipa kwanza, akauliza baadaye. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na muda wa kuilipa ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji, na kwa kuwa vyumba vina wateja, mwenye nyumba hutaka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi, nyumba ikimshinda anafunga virago. Aliyelipa miezi sita hana pa kwenda, kwa sababu hela yake imeshageuka mabati ya nyumba nyingine. Sauti ya mpangaji, basi, ni ile aliyonayo kabla hajafungua pochi. Aitumie yote.

Aanze kwa kuitazama nyumba kama itakavyokuwa Januari, na kama itakavyokuwa Julai. Mbeya ni mji wa miteremko. Maji ya mvua yanatoka Loleza na milima mingine yakitafuta njia ya kushuka, na nyumba nyingi zimejengwa juu ya njia hizo. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka Itezi ukafukia nyumba na majengo ya shule. Kwa hiyo zunguka nyuma ya nyumba. Kama kuna ukingo wa udongo uliokatwa ili kupata kiwanja, uliza umezuiwa na nini. Tazama ukuta wa nje kwa chini: mstari wa tope ulio juu ya msingi unakuonyesha maji yalifika wapi msimu uliopita, na rangi mpya iliyopakwa nusu mita tu kutoka chini ni ya kutiliwa shaka. Iringa nako, mji wa juu na bonde la Ipogolo, unakopita Ruaha Mdogo, havifanani. Muulize jirani, hasa mama anayeuza mboga barabarani, maana yeye hana nyumba ya kukupangisha.

Ukiwa ndani, inua macho. Doa la rangi ya chai kwenye singibodi ni bati linalovuja. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe sana, ila ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kuingia kidole ni msingi uliotitia, na Mbeya, iliyoketi mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, ardhi hutikisika mara kwa mara. Fungua bomba, uliache lichuruzike, kisha uulize maji hutoka siku zipi na kama simtanki ni ya nyumba nzima au ya mwenye nyumba peke yake. Vuta choo. Funga mlango kwa ufunguo wewe mwenyewe. Hayo ni mambo ya dakika kumi, na mwenye nyumba muungwana hachukii.

Sasa baridi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi joto 10, na Iringa haiko mbali na hapo. Watu huingiza jiko la mkaa ndani, wakaziba upenyo chini ya mlango kwa khanga, wakalala. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anadhani ni uchovu, analala, na hataamka. Mkaa uliokwisha kushika moto mwekundu, usiotoa moshi, ndio unaowadanganya wengi. Chumba cha Nyanda za Juu Kusini lazima kiwe na matundu ya hewa juu ya dirisha ambayo hayajazibwa kwa saruji, na kiwe na singibodi, kwa sababu chumba chenye bati tupu hakishiki joto na ndicho kinachomsukuma mtu kuingiza jiko. Nimeona vyumba vipya vya kisasa, madirisha ya aluminiamu yanayofunga kabisa, jipsamu nzuri, bila hata tundu moja. Chumba hicho mwambie mwenye nyumba akitoboe matundu kabla hujahamia, au tafuta kingine.

Jambo jingine, linalowala wapangaji polepole, ni luku. Swali la kwanza si kama umeme upo, ni mita ni ya nani na inatumiwa na wangapi. Kwa bei za TANESCO zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Chukua mpangaji mwenye taa, simu, redio na pasi, anayetumia uniti 40. Akiwa na mita yake katika kundi la matumizi madogo, umeme wake ni shilingi 4,000 kabla ya kodi na tozo. Wakiwa wanne wa namna hiyo kwenye mita moja, nyumba inatumia uniti 160, inaangukia bei ya juu, jumla 46,720, na kila mmoja anachanga 11,680. Amewasha taa zilezile. Hapo bado hatujamgusa yule mwenye hita ya maji ambaye naye anataka mchango uwe sawa kwa sawa. Kama nyumba ina mita moja, dai submita ya chumba chako, au mkubaliane kwa maandishi nani anachangia nini.

Kwenye luku hiyohiyo inakatwa kodi ya majengo. Utaratibu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500; kwa ghorofa ni 7,500. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia, na miezi sita ni shilingi 9,000 ambazo anastahili kurudishiwa au kupunguziwa kwenye pango. Wengi hawadai kwa aibu. Sioni aibu iko wapi. Sentensi moja kwenye mkataba inamaliza habari: kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku itatolewa kwenye kodi ya pango inayofuata.

Halafu kuna swali ambalo watu huona ni utovu wa adabu kuliuliza: huyu ninayempa hela ndiye mwenye nyumba? Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Iringa nilipanga nyumba ya vyumba viwili nikalipa mwaka mzima kwa kijana mmoja mpole, aliyenikaribisha kwa chai na kuniita kaka. Mwezi wa tatu akaja dada yake akiwa na barua ya mahakama. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, msimamizi wa mirathi alikuwa dada, na kijana alikuwa ameshakula kodi na kuhama mji. Dada hakuwa mkali. Alinionyesha barua, akaniambia, "Kaka yangu, mimi sikukupangisha." Nililipa tena. Nyumba za urithi ni nyingi katika miji hii yote miwili, na kwa nyumba ya urithi mwenye mamlaka ya kupangisha ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto aliyebaki na ufunguo. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa na uulize. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba ina ugomvi au haina, na mkataba uliosainiwa mbele yake una uzito kuliko uliosainiwa kwa dalali.

Dalali mwenyewe ana haki yake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuonyeshwa nyumba ni jambo jingine: ukiitoa, toa kidogo, na usiitoe kwa nyumba ambayo mlango wake haukufunguliwa. Kodi usimpe dalali. Ilipe kwa benki au kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina lililo kwenye mkataba, ili ubaki na ushahidi. Na ujumbe ukija ukisema "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma kwenye namba hii", mpigie kwanza kwa namba unayoijua. Ujumbe wa kitapeli unaupeleka bure 15040, namba iliyotengwa na TCRA.

Tufike kwenye mkataba. Mara nyingi ninaoletewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la kaunta: jina, kiasi, tarehe, sahihi. Si batili. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inatambua hata pango la muda mfupi lililokubaliwa kwa mdomo. Shida ni kwamba karatasi hiyo haisemi kitu siku mnapogombana. Andika namba ya nyumba na jina la mtaa kama vilivyo kwenye kibao cha anwani za makazi, namba ya mita na uniti zilizokuwamo, hali ya vitasa, vioo na bomba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na notisi ya kuhama kwa pande zote mbili. Andika kwamba kodi haipandi kabla ya muda uliolipiwa kwisha. Piga picha za kila chumba siku ya kupokea ufunguo, umtumie mwenye nyumba palepale, ili picha na tarehe vibaki kwenye simu zote mbili. Nakala ziwe mbili. Ukitaka mkataba ukusaidie mahakamani, ulipie ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka.

Sheria hiyohiyo inamtwika mwenye nyumba wajibu hata kama karatasi yenu haikuutaja. Nyumba iwe inafaa kuishi binadamu siku unapoingia na iendelee hivyo, mpangaji aachwe akae kwa amani, na pale unapopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake kuvitengeneza. Kwa hiyo bati linalovuja juu ya kitanda chako si la mpangaji. Ila usinunue bati kwa hela yako ukitegemea atakukata kwenye kodi kama hamjaandikiana. Magomvi ya namna hii ndiyo mengi mezani kwangu: mpangaji ametengeneza choo kwa laki mbili, mwenye nyumba anasema sikukutuma.

Mkishindwana, msiharakie polisi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba naye afuate njia hiyo kwa mpangaji asiyelipa. Ampe notisi ya maandishi, asing'oe mlango wala kutupa vyombo vya mtu kwenye mvua.

Ukiwa unatafuta chumba wiki hii, rudi mara ya pili usiku au siku ya mvua, ukiwa peke yako bila dalali. Ukikuta singibodi inadondosha maji, hela yako bado iko mfukoni.